Nati Sita za Gurudumu la Nyuma

Shule ikifungwa jioni, hakuna aliyehitaji kuuliza Chiriku yuko wapi. Alikuwa gereji. Alitundika begi lake kwenye msumari nyuma ya mlango, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguuni mara tatu, kisha akaanza kazi yake ya kila siku: kuokota spana zilizotapakaa sakafuni, kuzifuta grisi, na kuzipanga ukutani kila moja chini ya namba yake. Gereji ilikuwa ya mama yake. Watu wa mtaa walimwita mama huyo Fundi, basi, bila kuongeza neno, na walimletea magari ambayo mafundi wengine walikuwa wameyakatia tamaa.

Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake. "Mtoto huyu akila anaongea, akilala anaongea," Mjomba alipenda kusema. "Sijui huwa anapumua saa ngapi." Chiriku alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mikono myepesi na macho makali. Aliweza kutofautisha spana ya kumi na tatu na ya kumi na nne akiwa upande wa pili wa gereji.

Kila mwaka, likizo ndefu ilipofika, Fundi alifunga gereji kwa siku nne. Yeye na wenzake wawili walijaza madumu ya maji, wakafunga mahema juu ya magari yao ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, wakaelekea jangwani kwenye njia za mawe. Hawakwenda kushindana. Walikwenda, kwa maneno ya Mjomba, kutambaa polepole mahali ambapo watu wenye akili zao hawapiti.

Mjomba mwenyewe alikuwa mwokaji mikate, na gari lake lilinukia unga hata baada ya siku mbili za vumbi. Alisafiri na mwanawe wa miaka kumi na mmoja, ambaye kila mtu alimwita Swali kwa sababu maswali ndiyo aliyoishi kwayo. Gari la tatu lilikuwa la Bi Mpimaji, mama mwembamba mwenye kofia pana, aliyepima ardhi kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Ramani ya njia zile aliichora yeye kwa mkono wake, na akisema "hapa tunasimama," hata Mjomba alisimama.

Mwaka huo Chiriku alipewa kazi mbili kwa mara ya kwanza. Kazi ya kwanza ilikuwa kukagua nati za magurudumu ya magari yote matatu kila asubuhi, kabla injini hazijawashwa. Mawe hutikisa gari kutwa nzima, na nati iliyokazwa leo inaweza kulegea kesho. Mama alimpa wili spana, ile spana yenye umbo la msalaba, pamoja na kadi ngumu iliyochorwa visanduku, kimoja kwa kila gurudumu. Akimaliza gurudumu, anaweka alama.

Kazi ya pili ilikuwa kuongoza. Gari likipanda mwamba mkali, dereva haoni kitu isipokuwa boneti na anga. Ndiyo maana mtu husimama mbele na kumwelekeza kwa mikono: kushoto kidogo, njoo, taratibu, simama. Chiriku alifanya mazoezi mwezi mzima kwenye ua wa gereji, juu ya matofali na matairi chakavu, mpaka Mama akamwambia, "Sasa hata mimi ningekufuata nikiwa nimefumba macho."

Siku ya kwanza walipita kwenye bonde la mto mkavu, na jiwe lenye ncha likatoboa tairi la nyuma kushoto la gari la Mjomba. Mama alitaka kumsaidia, lakini Mjomba alikataa katakata.

"Dada, mimi nakanda gunia zima la unga kila alfajiri. Nati sita zitanishinda?"

"Haya. Lakini gurudumu likishabadilishwa, nati hutulia upya na kulegea kidogo. Ukienda kilomita chache simama uzikaze tena."

"Nitazikaza," alisema Mjomba, huku akipiga mluzi.

Asubuhi ya siku ya pili ilikuwa tulivu na yenye baridi kidogo. Walikuwa wamelala chini ya genge refu jekundu. Chiriku aliamka mapema, akakagua gari la mama yake, kisha la Bi Mpimaji. Nati arobaini na nane, na zote zilikuwa imara. Lilibaki gari la Mjomba. Alikuwa ameinama tayari kulianza aliposikia sauti ya Swali kutoka juu ya jiwe kubwa kama nyumba.

"Chiriku, njoo usikie. Genge linajibu."

"Namalizia kazi."

"Linajibu mara tatu. Jua likipanda halitajibu tena."

Hapakuwa na ukweli wowote katika maneno hayo, lakini Swali aliyasema kwa uhakika wa mwalimu. Chiriku aliiweka wili spana juu ya boneti ya Mjomba, akakimbia. Walipiga kelele mpaka koo zikakauka. Waliliuliza genge maswali.

"Nani anakula mkate mwingi?" Swali alipaza sauti.

"Mwingi, mwingi, mwingi," genge likajibu.

Chini, Mjomba aliinua kichwa kutoka kwenye jiko la gesi. "Nimesikia," alisema.

Wakati wa kushuka, Swali aliruka mahali ambapo alipaswa kukanyaga taratibu. Kifundo cha mguu kilipinda, akakaa chini ghafla, midomo ikimtetemeka kwa kujizuia asilie. Shughuli ikawa nyingi kwa wakati mmoja. Bi Mpimaji alileta kitambaa kilicholowa maji baridi, Mjomba akambeba mwanawe mgongoni, Chiriku akakimbilia bandeji. Mguu haukuwa umevunjika, Bi Mpimaji alisema baada ya kuubinyabinya, ila kwa siku mbili asiukanyagie. Mahema yakakunjwa haraka, kwa kuwa walikuwa wamechelewa.

"Chiriku," Mama aliita, mikono yake ikiwa imejaa kamba. "Nati?"

"Tayari, Mama."

Neno lilitoka kabla hajaliwaza. Alikusudia kwenda mara moja kumalizia, dakika kumi tu, lakini Mjomba alikuwa ameshachukua wili spana kutoka kwenye boneti na kuitupia nyuma ya gari lake pamoja na vikombe. Injini zikawaka. Chiriku alipanda na kadi mkononi. Visanduku vinne vilikuwa vitupu. Mama angeiangalia kadi wakati wowote. Akatoa penseli, akaweka alama nne, moja baada ya nyingine. Zilifanana kabisa na zile nyingine.

Njia nzima alitazama nje. Mama alikuwa akimwangalia kwa pembe ya jicho.

"Unasikitika kwa ajili ya mguu wa Swali?"

"Ndiyo, Mama."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli alijisikia vibaya zaidi.

Kabla ya saa sita walifika mahali ambapo wote walipangojea tangu mwaka uliopita. Bi Mpimaji alikuwa amepaandika kwenye ramani kwa neno moja: Ngazi. Yalikuwa madaraja matano ya mwamba, mengine yakifika magotini, mengine kiunoni. Upande wa kulia palikuwa na ukuta wa jiwe. Upande wa kushoto palikuwa na korongo. Swali, akiwa amekaa dirishani na mguu wake uliofungwa, alirusha kokoto humo, wakasubiri, na sauti ikaja ikiwa imechelewa.

Walipunguza upepo wa matairi ili yaushike mwamba vizuri. Mama alipanda wa kwanza, gari likiunguruma katika gia ndogo, gurudumu moja likining'inia hewani, kisha likikanyaga, kisha lingine. Bi Mpimaji akafuata, kofia yake haikusogea hata kidogo. Halafu wote wakashuka kwa miguu hadi chini, kwa ajili ya Mjomba.

"Kadi," Bi Mpimaji alisema, akinyoosha mkono. Ndiyo iliyokuwa desturi yao kabla ya mahali pagumu. Aliisoma mstari kwa mstari. "Gari la mwokaji, magurudumu manne, yote yamekaguliwa. Kazi safi, binti."

"Swali atashuka?" Mama aliuliza.

"Ashuke aende wapi na mguu huo?" Mjomba alisema. "Atakaa na mkanda wake. Na leo nataka kuongozwa na Chiriku. Kama yeye ndiye aliyekagua gari hili, mimi naweza kupanda na birika la chai juu ya boneti lisimwagike."

Wote walicheka. Chiriku alicheka pia, lakini kicheko chake kilikatika njiani.

Alipanda hadi daraja la pili, akasimama upande wa ukuta, mahali ambapo Mama alimfundisha kusimama. Mikono yake ilijua la kufanya. Njoo. Kulia kidogo. Njoo. Pua ya gari iliinuka. Magurudumu ya mbele yalipanda daraja la kwanza, na ya nyuma yakaja kuligusa. Kupitia kioo alimwona Mjomba akimkazia macho kwa makini, akifuata kila kidole chake. Pembeni yake Swali alikuwa ameegemeza mguu juu ya dashibodi, amemwinulia dole gumba.

Kilichobaki ilikuwa kusema njoo. Chiriku alikunja mikono ikawa msalaba kifuani. Simama.

Gari likasimama. Mjomba akachungulia dirishani. "Umeona jiwe?"

Angeweza kusema ndiyo. Angeweza kusema kuna jiwe, tuangalie, na huku wakiangalia azunguke na spana kimyakimya. Mama alikuwa anapanda kumjia, uso wake ukiwa na swali hilohilo.

"Hakuna jiwe," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi aseme tena. "Hakuna jiwe, Mjomba. Sikukagua nati za gari lako. Niliweka alama tu."

Kisha Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyotumia gereji kazi ikiwa ya hatari, "Vuta breki ya mkono. Bi Mpimaji, kabari." Bi Mpimaji alishindilia vipande viwili vya mbao nyuma ya magurudumu. Mjomba alimtoa Swali kupitia mlango wa upande wa ukuta, akamweka mbali juu ya jiwe. Ndipo Mama akachukua wili spana, akaanza na gurudumu la mbele.

Mbele, kulia na kushoto, nati zilikuwa imara. Nyuma kulia, imara. Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma kushoto, lile la upande wa korongo. Nati ya kwanza ilizunguka kama kifuniko cha chupa. Ya pili hakuhitaji spana, aliizungusha kwa vidole. Nne kati ya zile sita zilikuwa zimelegea, na mbili zilizosalia ndizo zilizokuwa zimelishikilia gurudumu lote.

Mama alibaki amechuchumaa. Alitazama gurudumu, akatazama korongo, akatazama kiti alichokuwa amekalia Swali. Alipoinuka, alitembea hatua kama kumi, akasimama akiwa amewapa mgongo, kisha akarudi.

"Asubuhi nilikuuliza."

"Ndiyo, Mama."

"Ukasema tayari. Na alama?"

"Niliziweka garini. Nilikusudia kumalizia, halafu tukaondoka, halafu nikaogopa kusema." Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Nisamehe, Mjomba."

Mjomba alikuwa amevua kofia yake na kuikunja mikononi kama kitambaa. Alikohoa.

"Dada, ngoja kwanza kabla hujamgombeza mtoto. Jana uliniambia nisimame nizikaze tena."

Mama akamgeukia polepole. "Na hukusimama."

"Wenzangu mlikuwa mbele. Nikasema nitazikaza tukifika. Tulipofika nikaanza kuoka mkate." Aliinamisha kichwa. "Ulikuwa mkate mzuri, lakini."

Mama aliwatazama wote wawili. "Huyu ana miaka kumi na miwili," alisema, "na huyu ana arobaini na sita. Nami nashindwa kujua mkubwa ni yupi."

"Shangazi, na mimi je?" Swali aliuliza kutoka kwenye jiwe lake. "Mimi ndiye niliyemwita."

"Wewe mguu wako umeshakuadhibu. Kaa hapo."

Bi Mpimaji alikuwa wa kwanza kucheka, kicheko kikavu cha puani, na baada yake Mjomba, na mwishowe hata Mama ingawa alijitahidi kukificha. Wakaanza kazi.

Mama alizikaza zile nne, wakalirudisha gari chini taratibu hadi penye tambarare. Hapo waliweka jeki na kulitoa gurudumu kabisa, kwa kuwa nati zikicheza muda mrefu hula matundu ya ringi. Mama aliyapapasa matundu yote sita kwa kidole, moja moja. Yalikuwa mazima. "Tungeenda nusu saa zaidi, yasingekuwa hivi," alisema. Kisha akamkabidhi Chiriku wili spana.

"Zote ishirini na nne. Tutakungoja."

Jua lilikuwa kali. Chiriku aliikaza nati moja, kisha iliyo mkabala nayo, kwa kurukaruka kama alivyofundishwa, ili gurudumu likae sawa. Alisukuma kwa mikono, na pale mikono iliposhindwa alikanyaga spana kwa mguu. Swali alihesabu kwa sauti kutoka mahali alipokuwa, na alipofika kumi na tisa akauliza kama nati huwa zinachoka kama watu. Mama alipita nyuma ya binti yake akajaribu kila nati, na hakuna iliyosogea.

"Bi Mpimaji ndiye amwongoze sasa," Chiriku alisema alipomaliza, akifuta mikono kwenye ovaroli.

"Kwa nini?" Mjomba aliuliza.

"Kwa sababu yangu."

"Sikiliza, mpwa wangu. Ungeninyamazia ningepanda, na sijui tungekuwa wapi sasa hivi, mimi na huyu mwanangu. Ulinisimamisha mbele ya watu wote ukajisema mwenyewe. Mimi mwaka huu wote sijafanya jambo gumu kama hilo. Ukiniambia simama nitasimama, na ukiniambia njoo nitakuja. Nenda kasimame pale."

Akaenda. Safari hii Mama alimbeba Swali mgongoni hadi juu, na Bi Mpimaji akapanda nyuma yao na kabari zake.

Daraja la kwanza, la pili. Kwenye daraja la tatu gurudumu la nyuma liliteleza, mchanga ukaruka, gari likayumba kuelekea kushoto. Chiriku alikunja mikono, likasimama. Aliinama akatazama chini ya gari, akaona mahali ambapo mwamba ulikuwa na ufa wa kushika tairi, akamwelekeza arudi nyuma kwa upana wa kiganja, kisha kulia, kisha njoo. Gari lilijivuta, likanguruma, likapanda. La nne lilipita bila shida. Kwenye la tano bampa ilikwaruza jiwe kwa mlio wa kuudhi, na Mjomba akafumba jicho moja kama aliyeng'olewa jino. Kisha pua ya gari ikashuka, na magurudumu yote manne yakawa juu.

Swali alipiga makofi. Chiriku alikaa chini palepale aliposimama.

Juu ya Ngazi palikuwa na uwanda wa jiwe laini, na upande wa pili jangwa lilifunguka mpaka macho yalipoishia, mistari ya mchanga wa manjano na vilima vyeusi vilivyosimama peke yake. Walitandika turubai kwenye kivuli cha magari, wakala mkate na mayai ya kuchemsha, wakanywa chai. Bi Mpimaji alimega mkate wake kwa muda mrefu bila kuula.

"Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na tatu," alisema, "nilitumwa kupima mahali ambapo barabara ingepita. Ilikuwa siku kama hii. Pointi moja ilikuwa juu ya kilima, nami nilikuwa nimechoka. Nikaikadiria kwa macho, nikaiandika kwenye daftari kama niliyoipima. Nilitembea hadi kambini. Nikala, nikalala, lakini usingizi haukuja. Asubuhi nikamwambia mkuu wangu."

"Akakufukuza?" Swali aliuliza.

"Akanipa chupa mbili za maji akanionyesha kilima."

"Kilikuwa mbali?"

"Kilomita kumi na moja. Kwenda tu."

Mjomba alipaliwa na chai, ikabidi apigwe mgongoni.

"Nilikosea kwa mita nne," Bi Mpimaji aliendelea. "Barabara ile ipo mpaka leo, na magari hupita. Mkuu wangu hakunigombeza sana. Aliniambia tu kwamba daftari langu litasomwa na watu ambao hawatakwenda kuangalia, kwa sababu wanadhani mimi niliangalia."

Chiriku alikuwa ameinamisha kichwa. Mama alisogea karibu naye, akamwekea mkono begani.

"Hiyo ndiyo alama, mwanangu," alisema. "Ukiiweka, mwenzako anaacha kuogopa na anampakia mtoto wake garini. Kwa hiyo usiiweke kwa kitu ambacho hujakifanya, hata kama nimekuuliza nikiwa na haraka. Sema, 'Mama, bado.' Neno hilo halitanikasirisha hata siku moja. Kukosea tutakosea, mimi na wewe na mjomba wako huyu. Lakini ukishakosea, sema mapema, gari likiwa bado chini. Leo ulisema likiwa kwenye daraja la kwanza. Uliponea chupuchupu, lakini ulisema."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe pia," Mama alimwambia kaka yake.

"Ndiyo, Mama," Mjomba alijibu kwa unyenyekevu, na Swali akacheka mpaka akasahau akauinua mguu wake mbovu, akagutuka.

Waliosha vikombe kwa maji kidogo, wakakunja turubai. Chiriku alizunguka magari yote matatu na wili spana bila kuambiwa na mtu, gurudumu baada ya gurudumu, wengine wakimngoja kivulini. Alipomaliza la mwisho alipanda kando ya mama yake, akafunga mkanda, wakaanza kuteremka upande wa pili, gari moja nyuma ya jingine, kuelekea mchangani.